Kaka Amesikia "Hisa", Mimi Nimesikia "Hisia"

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ibaki salamu tu. Naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo halirudi mdomoni, maana kwa sasa nimelikalia kama mtu aliyekalia pini.

Mimi ni fundi wa makochi. Sijisifu, lakini kazi yangu inajulikana, mtu akikaa kwenye kochi nililolijaza sponji mimi hataki kuinuka, kuna mteja mmoja alikuja kukagua kochi lake akasinzia hapohapo karakanani, mashine zinanguruma na yeye anakoroma. Karakana ni ya marehemu baba yetu, alituachia mimi na kaka yangu nusu kwa nusu, na alisema kwa kinywa chake mbele ya mama na wazee wa ukoo kwamba mbao ni za kaka, vitambaa ni vya dada, karakana ni ya wote wawili na kila mmoja ana hisa yake. Kaka anapiga randa na kuunga fremu, mimi naweka mikanda, springi, sponji na kitambaa, navuta, nashona, napiga pini, kochi linatoka. Tumekaa hivyo miaka nenda rudi bila ugomvi zaidi ya ule wa kawaida wa ndugu, wa nani amehamisha mkasi.

Sasa balaa limeingia kwa njia ya redio. Kuna kipindi cha mambo ya fedha kila asubuhi, mtangazaji anasoma mafundisho ya mwekezaji mmoja mashuhuri, mzee tajiri kupindukia ambaye wao wanamwita Bilionea Mpole, na mimi sikatai, yule mzee ana maneno ya maana. Anasema usinunue biashara usiyoielewa, usikimbilie kuuza eti kwa sababu jirani ameuza, na faida ukiiacha itulie itazaa faida nyingine. Tangu nianze kumsikiliza nimeacha kununua viatu nikiwa na hasira, na mimi na mume wangu, yeye ni dereva wa lori, tumefikisha akiba nzuri tu ya kununua kiwanja, kwa hiyo sina neno baya juu yake.

Kaka naye akawa mfuasi, ila mfuasi wa namna yake. Aliposikia faida izae faida akasema basi mwaka huu tusigawane, tuiache izae, nikakubali. Ikazaa kweli, Mshauri, ikazaa pikipiki, na hiyo pikipiki inalala kwake na anayepakiwa kila siku ni wifi yangu akienda sokoni. Nikasema moyoni yaishe, ni ndugu yangu.

Ndipo asubuhi moja mtangazaji akasema, "Ukitaka mali yako ikue, weka hisia pembeni." Mimi redio ilikuwa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nilisikia vizuri kabisa. Kaka alikuwa kwenye mashine ya randa, na wewe kama hujawahi kusimama karibu na mashine ya randa mshukuru Mungu, inalia mpaka mawazo yako mwenyewe huyasikii. Akazima mashine, amejaa maranda hadi kwenye nyusi, akanigeukia macho yanang'aa. "Umemsikia mzee? Weka hisa pembeni!" Nikacheka, nilidhani anatania, nikaendelea kushona.

Kumbe mwenzangu hakutania hata kidogo. Siku chache baadaye akavuta kigoda mpaka mezani kwangu, kitu ambacho hafanyi, akaniambia, "Dada, nyumba haijengwi na vichwa viwili. Hata yule tajiri amesema hisa ziwekwe pembeni. Nikulipe hisa yako, ukae kando, na ukitaka kazi nitakuajiri, nitakulipa kwa kila kochi." Mshauri, mimi niajiriwe! Kwenye karakana ya baba yangu! Na bei aliyoitaja inatosha mashine ya randa na cherehani yangu kuukuu, kwa maana hiyo jengo na ardhi na wateja wote nimpe zawadi.

Nikamwambia, "Kaka, yule mzee hakusema hisa, alisema hisia."

"Hisia gani?"

"Hisia! Hasira, woga, tamaa. Usinunue wala usiuze ukiwa umepandwa na hayo."

Ungedhani ataona aibu. Wapi! Alikuna kidevu kidogo halafu akasema, "Basi ndiyo hayohayo. Wewe ndiye unaleta hisia kwenye biashara, hebu jitazame unavyotetemeka." Na kweli nilikuwa natetemeka, mkasi unagonga meza, sasa ningefanyaje?

Toka siku hiyo nikisema lolote, hata nikiomba gundi, ananiambia naleta hisia. Mama anasema, "Mwanangu, kaka yako ndiye baba sasa, mali inatafutwa lakini ndugu hatafutwi, mpishe." Mume wangu anasema chukua hizo pesa, uongeze kwenye akiba yetu, ufungue pako, umwachie mbao zake. Kaka ameshaandaa karatasi na amenipa mpaka mwisho wa mwezi nisaini.

Nampenda kaka yangu, Mshauri, nisikufiche. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo wakati baba anasema mtoto wa kike ataumia vidole. Nikikataa nitampoteza, na nikisaini nitapoteza kazi ya maisha yangu yote. Nishike lipi, hisa au ndugu? Niambie ukweli hata kama unauma.

Ni mimi,
Fundi Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi Makochi. Nimekuzidi, na nimekuzidi sana, kwa hiyo nitasema nitakavyo.

Nilicheka peke yangu nilipofika kwenye maranda ya nyusi, wa nyumbani wakaja kuniuliza kulikoni. Nilipofika kwenye "nitakuajiri" nikaacha kucheka. Pole, mwanangu. Kuambiwa na mtu baki kwamba wewe ni kibarua, utajibu na utasahau. Kuambiwa na aliyekushikisha nyundo, hiyo inaingia ndani. Una haki ya kutetemeka, na mkasi una haki ya kugonga meza.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeomba ukweli. Kaka yako hakuanza leo. Alianza kwenye pikipiki. Faida ya watu wawili imenunua chombo, chombo kinampakia wifi yako asubuhi na jioni kinapita mbele ya mlango wako, na wewe unasema yaishe! Yaishe wapi? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kaka mkubwa naye anaweza kuwa mwana. Alipoona pikipiki imepita bila swali, akajua na karakana itapita. Hukumfundisha wewe ubaya huo, lakini ulimwachia nafasi ya kuufanyia mazoezi.

Halafu huyo Bilionea Mpole. Namfahamu, nami namsikiliza nikipiga pasi. Ni kweli ana hekima, ila hekima ya redioni haina mkono wa kumshika mtu asiitumie vibaya. Kaka yako anayala mafundisho yale kama mtoto anavyokula, nyama anamaliza, mboga anasukuma ukingoni mwa sahani. Pale "usinunue usichokielewa" hapakumfaa, akaparuka. Hebu muulize: sponji ya kukalia na sponji ya kuegemea zinatofautianaje? Springi ikilegea upande mmoja inarekebishwaje? Mtu anachagua kochi kwa macho, sawa, fremu imemvutia. Lakini kinachomrudisha pamoja na shemeji zake ni makalio yake yalivyopokelewa. Yule mteja hakusinzia juu ya mbao. Kaka yako anataka kununua nusu ya biashara ambayo haielewi, kutoka kwa mtu pekee anayeielewa, kisha amlipe huyohuyo kwa kipande. Na bado anasema ni fundisho la tajiri!

Kuhusu hilo neno lenu, masikio yalimponza, sawa, mashine ya randa si mchezo. Lakini ulipomsahihisha hakutafuta ukweli, alitafuta tundu jingine la kupitia njia ileile. Mtu aliyekosea kusikia ukimwambia anasema "lo, kumbe!" Mtu aliyekuwa na nia yake tangu mwanzo anasema "basi ndiyo hayohayo." Redio haikumpa wazo, ilimpa ujasiri wa kulisema.

Mama yako amesema kweli kabisa kwamba ndugu hatafutwi. Ila amelisema upande mmoja wa nyumba. Mwendee, mkumbushe kwa heshima kwamba ana watoto wawili, na maneno mazuri namna hiyo yafaa yasikike na kwa mkubwa. Kama kaka ndiye baba sasa, basi afanye alivyofanya baba, aliyegawa nusu kwa nusu mbele ya mashahidi. Mume wako naye anakupenda, lakini anafikiri kidereva, barabara ikiharibika tafuta nyingine. Wewe si lori. Ukifungua pako bila jengo, bila fremu, bila jina la karakana ambalo umelijenga kwa vidole vyako, utaanza tena pale baba yako alipoanza, na huna sababu ya kufanya hivyo.

Unaniuliza hisa au ndugu. Swali hilo amekutungia kaka yako, usilijibu. Ukisaini huku unalia, utampoteza vilevile, tena vibaya zaidi, maana utakuwa unapita mbele ya ule mlango kila siku ukisikia bunduki ya pini inapigwa na mkono mwingine, na chuki itakukaa kooni. Nimeona ndugu wengi waliopisha ili wapatane. Walipisha, hawakupatana. Wanaopatana ni wale waliobaki wamesimama mahali pao mpaka mwenzao akazoea kuwaona pale.

Basi fanya hivi. Ile karatasi usiisaini, wala usiichane, iache ilipo. Tafuta mthamini asiyekujua wewe wala yeye, aje atazame jengo, ardhi, mashine na wateja, aseme karakana ina thamani gani. Mlipe wewe, risiti uitunze. Kisha itisha kikao, na kisiwe kwa kaka yako wala kwako, kiwe karakanani mchana kweupe, mashine ya randa imezimwa ili safari hii kila mtu asikie, na mama yenu amekaa kwenye kochi zuri kuliko yote uliyonayo. Anza na pikipiki. Ni mali ya karakana, itabeba vitambaa na mbao, na wifi akiitaka aombe kama anavyoomba mtu mwingine. Halafu faida ya mwaka huu iliyobaki igawanywe, na kuanzia sasa kila mmoja apate ujira wa kazi yake kwanza, kisha faida kwa hisa yake. Ujira ni wa mikono, faida ni ya hisa, msivichanganye tena.

Na ukifika kwenye ile bei yake, sikiliza vizuri, hapa ndipo nakuomba uziweke hisia pembeni kwa dakika chache tu, hasa ile ya kuogopa kuitwa mkorofi. Usipige kelele. Usimtaje baba. Kabla ya siku hiyo uwe umekaa na mume wako, mmeitazama akiba ya kiwanja, mmepita na benki mkajua mnaweza kukopa kiasi gani, kwa sababu hili halisemwi kwa kutania. Kama pesa haifiki, usilitamke, tumia hesabu ya mthamini inakutosha. Lakini kwa bei aliyotaja, mwanangu, nadhani itafika.

Mwambie hivi: "Kaka, bei uliyonipa nimeifikiria, nimeona ni bei nzuri. Kwa bei hiyohiyo, mimi nakununua wewe. Ukitaka kazi, nitakuajiri, nitakulipa kwa kila fremu."

Kisha nyamaza. Usiongeze neno, usicheke, usimsaidie. Mwache aisikie ile sentensi ikimwingia kama ilivyokuingia wewe. Akikubali, karakana yote ni yako, mlipe mpaka senti ya mwisho. Akiruka juu na kusema huo ni wizi, hapo atakuwa amekiri mwenyewe, mbele ya mama yenu, kwamba hisa yako ina thamani kubwa kuliko bei ile, na hakuna karatasi itakayozungumzwa tena.

Akishapoa, usimcheke. Mmiminie chai, umuulize fremu inayofuata itakuwa tayari lini. Ni kaka yako, na kesho mna kochi la kumaliza.