Portefeuille ya Mama Esther

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu. Butembo

Nimepakia tena. Maharagi ya Lubero, safi, bila mawe. Camion inaondoka kesho asubui kwenda Beni.

Na leo tena nilisimama mbele ya bwana yangu Kasereka kama mutoto wa masomo, kumuomba karti yangu ya électeur, ile ya kupigia kura, yenye basoda wa jeshi banaombaka pa barrière ya njia ya Beni. Yangu. Iko na sura yangu na jina yangu. Lakini inalalaka ndani ya portefeuille yake ya feza, ile kubwa yenye kuvimba nyuma ya suruali kama jipu. Tangu bezi baninyanganye sacoche yangu ya begani pa soko, Kasereka anasema banamuke banapotezaka bintu. Karti haikukuwa hata ndani ya ile sacoche.

Alinipa. "Urudishe mbio, Mama Esther."

Namuchukia wakati anasema vile.

Alhamisi, tarehe 7

Nilirudi. Maharagi yote yaliuzwa. Kasereka alinyosha mukono kuomba karti mbele nivue viatu. Hakuuliza kama nilikula.

Jumanne, tarehe 12

Siku mbaya.

Kasereka alienda Luofu, kilio ya mujomba wake. Alienda na karti yangu mufukoni. Camion ilikuwa imeshapakiwa, mukiriya wa Beni alikuwa ananipigia simu. Nikasema, labda leo hawataomba. Ujinga yangu.

Pa barrière baliomba. Soda mumoja, kijana, bunduki begani, macho nyekundu. "Mama, carte!" Nikasema iko kwa bwana yangu. Akacheka. "Bwana ndiyo carte yako? Vanda wana." Nikakaa chini, kando ya barabara, pale alinionyesha na kidole. Camion haikungoja. Niliona magunia yangu yanaenda bila mimi.

Jua, kisha mvua. Batu banapita, bananiangalia kama niko adui. Chauffeur wa camion ingine anayenijua alinihurumia, akasema na basoda, akanirudisha Butembo. Maharagi, balishusha inje kule Beni. Ile mvua ikayapiga. Mukiriya amekataa nusu.

Jumatano, tarehe 13

Kasereka kwa simu: "Lakini mbona hukunikumbusha?"

Nilikata simu.

Nitatafuta portefeuille yangu mwenyewe. Nyembamba, ilale chini ya kitenge bila mutu kuiona. Ya nguvu, isiogope jasho wala mvua. Kisha nitachukua karti yangu, nisiombe tena mutu anipe.

Alhamisi, tarehe 14

Soko. Muuzaji wa kwanza: "Cuir, Mama, cuir ya kweli!" Nilikunja moja ya ile ngozi yake pa kona. Ikapasuka kama ganda la yai, ndani ni karatasi. Akapandisha sauti: "Unaharibisha bintu ya batu!" Nikamujibu ilikuwa imeharibika tangu kule ilitokea. Alinitukana. Na mimi nilimutukana.

Ya pili, fermeture ya kufungia inakwama, na ingali mupya. Ya tatu iko na mifuko mingi, nene kama mukate. Niliijaribu chini ya kitenge pale pale. Kama mimba. Bauzaji bakacheka. Ya ine inanuka gundi, uzi unatoka ukivuta na kucha.

Nilirudi mikono mitupu. Nachukia soko yote.

Jumamosi, tarehe 16

Nimepata.

Mama Kavugho, mwenye kushona viatu na mikoba ya batoto wa masomo kule chini ya kilima. Hakunisifia kitu. Aliuliza tu: "Utaweka nini?" Karti, na noti kidogo. "Basi hapana mifuko mingi. Ukiwa na mifuko mingi, utatafuta bya kuijaza."

Kipande kimoja cha ngozi ya ngombe, kimekunjwa mara moja tu. Uzi alipaka mushumaa, akarudilia kona mara mbili. Nikavuta kwa nguvu zote. Nikavuta na meno. Akaniangalia. "Utaikula?" Kwa mara ya kwanza wiki hii nilicheka.

Inalala juu ya tumbo kama kiganja. Niliruka, nikainama. Haionekane.

Jumapili, tarehe 17

Mama-mukwe aliiona kisha misa. "Mwanamuke akificha portefeuille, kesho ataficha mwanaume."

Nikamujibu: "Mama, iko juu ya meza. Nani ameificha?"

Aliacha chakula. Aache.

Jumatatu, tarehe 18

Kasereka amerudi. Mama yake alikuwa ameshamupigia simu. Hakunisalimia. Alichukua portefeuille yangu, akaifungua, akaona iko tupu, akaitupa inje ndani ya matope. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nilitoka. Niliiokota. Niliingia, nikaiweka mbele yake, maji yanatiririka juu ya meza.

"Baba Esther, lete karti yangu."

"Ya kwenda wapi?"

"Lete."

"Hapana."

"Nilikalishwa chini pa barrière kama mwizi. Lete."

Mama yake alianza kusema. Nikamuambia: "Mama, leo hapana." Sijawahi kumusemesha vile. Nilibaki nimesimama.

Alivuta ile jipu yake polepole. Alitafuta ndani, katikati ya makaratasi ya mareçu ya zamani na mapicha. Akaweka karti juu ya meza. Bipande mbili. Ilivunjika pa sura yangu, hapa pa kinywa.

"Tangu lini?"

"Kule Luofu. Niliikalia."

"Na ulinyamaza."

Alifunga portefeuille yake.

"Kati yetu, nani anapotezaka bintu?"

 Sikulia. Nilienda kulala na Esther.

Ijumaa, tarehe 22

Nilienda kuomba duplicata, karti ingine ya kurudilia ile ya kuvunjika. Kasereka alitaka kunisindikiza. Nilikataa. Mulolongo murefu, agent ana kiburi. "Bwana yako iko wapi?" Nikamuuliza kama ni sura ya bwana atapiga photo. Alinifanya ningoje mpaka batu bote bapite. Nikangoja. Nilitoka nayo.

Portefeuille imekauka kivulini. Niliipaka mafuta yangu ya mwili. Imekuwa nyeusi kidogo, ngumu kidogo. Hakuna uzi hata mumoja umekatika.

Nyumbani, hatusemezane. Ni vizuri vile.

Jumanne, tarehe 26. Beni

Mvua ndogo. Pa barrière, soda mwingine. Aliangalia karti, akaniangalia, akanirudishia. Tulipita.

Niko kwa shangazi, pa mulango ya jikoni. Magaribi, Kasereka alipiga simu.

"Ulifika?"

"Nilifika."

 Ndani ya simu nilisikia kuku ya nyumbani kwetu, na Esther anaimba.

"Ule mama wa viatu, mwenye alishona portefeuille yako. Anashoneaka banaume pia?"

"Muulize mwenyewe. Ni kule chini ya kilima."

"Sawa."

Nikaweka simu chini. Nikavuta lungo, nikaanza kuchambua maharagi ya kesho.