Bila Fedha Haisafishi

Bibi yangu wa Goweko,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," kisha ungeniuliza kama nimejifunza kusonga ugali usio na mabuje. Bado.

Unamkumbuka yule mama jirani aliyekuja na kidonda mguuni? Ulichemsha majani ya mpera, ukaepua, ukasema, "Ngoja kwanza. Bila fedha dawa hii haisafishi." Mimi, mwanafunzi wa sekondari niliyejiona nimesoma, nikakurukia mbele ya mgeni: "Bibi! Mtu anaumwa hivi, na wewe unamdai fedha?"

"Fedha ninayo mwenyewe," ukasema, ukavua ile bangili uliyorithi kwa mamako, iliyofika kwetu na misafara ya zamani, ukaitumbukiza kwenye sufuria. Nikadhani unaiosha. Niliporudi kwetu Ipuli nikawatangazia watu kwamba bibi yangu ana tamaa.

Sasa niko maabara, nahangaika na vijidudu vya vidonda ambavyo dawa za hospitali zimeanza kushindwa navyo. Wiki iliyopita nilichemsha majani ya mpera wako, nikadondoshea maji yake kwenye sahani ya vijidudu. Wapi! Vilistawi kama vimepaliliwa. Mwalimu wangu akapita, akasema, "Tia na fedha." Alimaanisha madini, chumvi yake iliyoyeyushwa. Nikatia. Maji ya njano yakaiva taratibu kama chai ya rangi, maana majani yalikuwa yanaigeuza fedha kuwa chembe ndogo ambazo hata hadubini yetu haizioni. Kesho yake, kuzunguka kila tone palikuwa peupe, bila kijidudu hata kimoja.

Nikakaa. Kumbe fedha ile, Bibi! Loo, aibu niliyoisikia.

Nani alikufundisha? Na je, bangili nzima huachia fedha ya kutosha kwenye maji ya majani? Sijui, na sitaki kukupamba kwa uongo. Leo nimeichovya humo bangili yako, ile mama aliyoniachia. Maji yamebaki ya njano. Nimeyadondoshea kwenye sahani hivyo hivyo, na majibu ni kesho.

Nikikuta ulipatia, nitakuomba radhi. Nikikuta ulikosea, nitakuomba radhi vilevile, maana siku ile hukumdai mtu kitu. Ulivua cha mkononi mwako.

Pumzika, Bibi.

Mke mwenzio, wa ugali wa mabuje