Kilometa nane zilizoliwa na pneu

Sadrack fundi, pneu zako kubwa za heshima, zile tairi tulifunga kwa gari yangu, zimenimaliza. Usicheke kwanza.

Nimetoka kumushusha Papa Kambere, baba ya Kaswera, hapa Mulekera. Leo ndiyo alikuwa anipe jibu ya ndoa. Leo, Sadrack.

Tangu tulipotoka Vulamba ananiambia: «Mutoto, unakimbiza gari.» Namuonyesha compteur ya mwendo: «Papa, angalia, hamsini tu.» Taa ya ABS, ile ya breki, inawaka, namuambia ni mapambo. Mapambo, nilisema hivyo. Tunapita motari wa pikipiki kama amesimama, narudilia: «Hamsini, Papa.»

Akageukia dirisha. Nikajua nimeshinda.

Kumbe wakati wa kuondoka aliandika namba ya kilometa mu Biblia yake. Tulipofika akainama, akasoma compteur tena.

«Gari yako imehesabu arobaini na sita. Hii barabara nimeifanya na kinga, baiskeli yangu, miaka makumi mbili, ni hamsini na ine. Nani amekula kilometa nane?»

Nikaeleza kama mwalimu: pneu kubwa inazunguka mara kidogo, compteur inahesabu mizunguko tu, donc, basi, inasema chini ya mwendo wa kweli.

«Donc ulijua.»

Nilijua. Wewe mwenyewe, Sadrack, ulinionya siku tulizifunga, nikakujibu: nani atahesabu?

«Kaswera nitamupa mutu ambaye akisema hamsini, ni hamsini.» Akapanda pikipiki ya motari, akaenda.

Nimemutungia Kaswera mashairi makumi mbili. Baba yake amenivunja na sentensi moja.

Pneu zangu ndogo za zamani, zile ulicheka ni za katekista, ungali nazo? Usimupe mutu.