Jiwe la Bibi Mlimani

Jumamosi, usiku

Miguu inauma lakini usingizi hauji! Leo nimepanda na Bibi mpaka pale milima miwili inapoachia njia, walipopitia wazee wetu na ng'ombe wakitafuta malisho. Kila aliyevuka aliacha jiwe alilotoka nalo kwao. Rundo la mawe hayo bado lipo!

Kilichoniudhi ni mchimbaji mmoja. Tulimkuta anayajaza kwenye mfuko, akayasage karashani, kwenye mashine ya kupondea mawe, eti yana dhahabu.

Bibi hakugomba. Alifungua pindo la khanga, akaweka jiwe lake juu ya rundo.

"Shikamoo, bibi. Hilo limetoka wapi?" mchimbaji akauliza.

"Marahaba. Kwetu, Kolandoto."

"Huko kuna dhahabu?"

"Kuna wajukuu."

Mchimbaji akacheka, akaumwaga mfuko wote palepale rundoni.

Kesho anaweza kuja mwingine, naogopa. Lakini leo rundo limeongezeka.