Vidonge Ndani ya Gambuti

Matisi, Kitale

Kwa dada yangu mpendwa Lenah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto hawajambo, na mahindi yameanza kubeba. Wewe na shemeji mnaendeleaje huko Kapsokwony na baridi yenu? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa. Haya singeweza kuyasema kwa simu, ningelia tu.

Mwezi jana mume wangu Sifuna alianza kupigiwa simu na mwanamke anayeitwa Nasimiyu. Simu ikilia, anatoka nje. Nikiuliza, ati ni mambo ya vitunguu. Vitunguu gani vya kunong'onezwa? Nikapekua nyumba kama polisi, na ndani ya gambuti lake la shambani nikapata bahasha ya vidonge.

Nilipeleka kimoja kwa mwenye duka la dawa. Akasema ni asiklovia, ya virusi vya malengelenge, hata yale ya sehemu za siri; haivimalizi, huvituliza tu. Alikuwa bado akieleza kwamba mgonjwa anywe maji mengi asiumie figo, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka. Sehemu za siri! Nilimwaga vidonge vyote chooni, nikajaza bahasha dawa ya kichwa, nyeupe vilevile, nione kama itamtuliza.

Dada, mgonjwa alikuwa mama yetu. Alipatwa na mkanda wa jeshi usoni, na daktari wa Bungoma alimtaka aanze dawa hiyo upesi, lakini kwake Myanga ilikosekana, ndipo Sifuna akainunua huku Kitale. Mama aliogopa watu waseme ana ukimwi, akakataza hata sisi mabinti tusiambiwe. Na kwa vile mkwe na mama mkwe hawaongei moja kwa moja, jirani wa mama, Nasimiyu, ndiye aliyekuwa akipeleka maneno, na ndiye aliyemfikishia ile bahasha. Sifuna alinieleza haya mama alipokuwa ameshalazwa.

Jicho la kushoto halioni tena. Mama anawaambia watu kwamba mkwewe alimnunulia dawa feki, na mila haimruhusu Sifuna kwenda kujitetea. Bado hajui ni mimi niliyebadilisha vidonge. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Leo akirudi nitamwambia. Jumapili nitakuwa Myanga kwa mama. Tafadhali uje, naogopa kumtazama peke yangu.

Msalimie shemeji na watoto. Mungu awaweke.

Ni mimi mdogo wako,
Roselyne