Mguu wa Mbele

Kambini, Mto Taku
Julai 4, 1974

Mjomba Horace mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama anauliza kama hapo hospitali wamekuwekea chuma au mbao, maana anasema mbao unazo za kutosha kichwani. Sisi wawili huku wazima, ila mikono inanuka samaki hadi sabuni imekata tamaa. Samoni wanapanda mto kwa fujo. Banda la kukaushia samaki kwa moshi limeshajaa nusu, na tukienda hivi, kwenye karamu ya kumaliza msiba wa Bibi mwezi wa kumi wageni watakula na kufungasha.

Ila kuna jambo. Dubu anakuja kando ya banda alfajiri. Tunaamka tunakuta nyayo tu. Cyril, jirani yetu wa ng'ambo, alipotuletea unga aliziona, akasema, "Huyu ni Mzee mwenyewe, yule dubu mkubwa wa kahawia. Niacheni nimvizie na bunduki."

Mama akamrukia. "Mzee gani? Huyu ni mdogo wake, mweusi. Kamvizie kwako, hapa hupati hata chai."

Wakabishana mpaka unga ukanyeshewa. Mimi nimeuona mgongo mara moja tu, vichakani, ulikuwa mweusi. Cyril anasema rangi haina maana, wapo wakubwa weusi na wadogo wa kahawia. Hapo nadhani anasema kweli, lakini usimwambie Mama.

Kama ni mweusi, tutamfukuza kwa kelele. Kama ni Mzee, Mama anataka tufunge mizigo turudi mjini, na karamu ndiyo basi. Nimechora unyayo mmoja kwa ukubwa wake halisi juu ya mfuko wa unga. Utazame, tafadhali, ujibu upesi.

Mpwa wako,
Delphine


Sitka, hospitali
Julai 11, 1974

Mwanangu Delphine,

Marahaba. Mguu upo, unaning'inia juu kama samaki wa kukaushwa. Mwambie dada yangu ni chuma, na cha bei. Chakula cha hapa hakina chumvi wala mafuta ya sili. Naota kambi kila nikifumba macho.

Mfuko wako wa unga umefika. Daktari alidhani nimetumiwa mkate. Sasa nisikilize. Ukubwa usikutishe, tope hutanuka. Tazama vidole na kucha. Dubu kidole chake kikubwa kiko upande wa nje na kidogo kiko ndani, kinyume na sisi. Weka jani refu la nyasi chini ya kidole kikubwa, lifuate ukingo wa juu wa kiganja, ulinyooshe hadi upande wa pili. Kama kidole kidogo kimebaki juu ya jani, huyo ni Mzee. Kama jani limekikata, ni mdogo wake. Kucha za Mzee huchoma ardhi mbali na vidole, maana yeye ni mchimbaji. Za mdogo ziko karibu, ni za kupandia miti.

Kwenye mchoro wako jani linakata kidole, na kucha ziko karibu. Ni mweusi. Dada yangu ameshinda. Achukue sufuria na mfuniko, apige, amwambie aende kwao. Lakini kwa adabu. Msimtukane, wanasikia.

Mjomba wako,
Horace


Sitka
Julai 13, 1974

Delphine,

Salamu nitazitoa siku nyingine. Leo muuguzi ameubandika mchoro wako ukutani ili unifurahishe, nami nikauona kwa mbali. Kisigino ni kirefu, kama cha mtu. Umenichorea mguu wa nyuma! Nilikuwa nimeukunja mfuko, sikukiona. Mguu wa nyuma hausomwi hivyo. Hata Mzee mwenyewe, kucha zake za nyuma ni fupi, na jani linaweza kudanganya. Nimekujibu kama mtu asiyewahi kutoka mjini.

Msipige sufuria. Msimkaribie. Fungeni mizigo, Cyril awateremshe. Wageni tutawapa samaki wa kopo, wacheke wakitaka. Nimebaki na dada mmoja na mpwa mmoja, na hapa siwezi hata kwenda chooni peke yangu.

Jibu. Hata neno moja.

Mjomba


Kambini
Julai 24, 1974

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kutolala. Tu wazima. Nimeanza na hilo ili uweze kulala leo.

Barua yako ya kwanza ilitufikia wiki iliyopita. Mama aliisoma mara mbili kwa sauti, ya pili akimtazama Cyril. Kulipopambazuka akavaa koti, akachukua sufuria kubwa na mfuniko, akatoka anaimba. Mimi nilibaki nyuma, nataka kulijaribu jani lako. Nikashuka kijitoni, pale kwenye tope laini, nikakuta unyayo mpana usio na kisigino kirefu. Mguu wa mbele. Nikalaza jani. Kidole kidogo kilikaa juu yake chote, hakikuguswa. Matundu ya kucha yalikuwa mbali, katikati naweza kuweka kidole changu kizima. Pembeni yake kulikuwa na vinyayo vidogo vinavyokanyagana.

Nilikimbia, Mjomba. Mama alikuwa ameshafika nyuma ya banda, anagonga. Nikamshika mkono wa mfuniko. "Mama, nyamaza. Ni Mzee, na ana watoto."

"Mjomba wako kasema..."

"Mjomba hajauona mguu wa mbele."

Dubu akasimama palepale kwenye vichaka, jike, mweusi kama sufuria, watoto wawili nyuma yake. Mama yangu akaweka sufuria chini taratibu, akasema kama anavyosema na wakubwa kanisani, "Tusamehe, Mzee. Hatukujua una wageni. Tunaondoka." Tukarudi kinyumenyume. Alitutazama tu, kisha akawapeleka watoto wake kijitoni. Mama alipofika hemani akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sijui.

Cyril akaja na bunduki. Nikamkatalia. Nikamwonyesha njia yao: mashimo ya nyayo za miaka na miaka, kila mmoja anakanyaga alipokanyaga mwenzake, inatoka mlimani inakwenda kijitoni. Na banda letu liko katikati yake. Nani alilihamishia pale mwaka jana ili asichoke kubeba maji, Mjomba? Na vichwa na matumbo ya samaki nani alitufundisha kutupa kijitoni?

Barua yako ya pili ilipofika jana, tulikuwa tumelibomoa banda na kulijenga ng'ambo, pamoja na mahema, kwenye kisiwa cha mchanga kwa Cyril. Samaki wachache waliharibika. Matumbo tunakwenda kuyamwaga kwenye mto mkubwa. Mzee anapita na watoto kila alfajiri upande wake. Hatuji mjini. Karamu ipo.

Sikukuomba ruhusa. Nafasi haikuwepo.

Mpwa wako,
Delphine


Sitka
Agosti 6, 1974

Mwanangu,

Umesubiri barua hii. Niliandika moja ya kukufokea, nikaichana. Nikaandika ya kujitetea kuhusu banda, hiyo muuguzi aliicheka, nikaichana pia.

Hii ndiyo iliyobaki. Nimewaandikia wazee wote wa nyumba yetu. Nimewaambia kuanzia mwaka huu neno la kambi ya Taku ni lako: lini tunapanda mto, wapi tunajenga, lini tunaondoka. Nilitaka kungoja nizeeke, lakini naona nimeshazeeka. Hakuna aliyepinga.

Wataniruhusu mwisho wa mwezi, na fimbo. Nikifika, uniambie nilale wapi.

Mjomba wako,
Horace


Kambini
Agosti 14, 1974

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kando ya mto, peke yangu, na sikumpa mtu mpaka macho yalipokauka.

Tumekuchagulia hema la mwisho kabisa, upande wa chini wa kisiwa. Usione tunakutenga. Unakoroma, na jirani yetu wa kijitoni ana watoto wachanga.

Njoo upesi.

Mpwa wako,
Delphine