Bakuli Lisilo na Sarafu

Mwamgongo, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo bila kuijibu mpaka naona haya hata kukuuliza hali. Nakuuliza hivyo hivyo. Goti linaendeleaje? Uwele umetoka, au ndege wamewahi tena? Mimi ni mzima, nakula na ninalala, na samaki wa huku nimewazoea kiasi kwamba nikikosa migebuka siku mbili najiona kama nimefunga. Usinicheke. Yule mtoto wa Kondoa aliyekuwa akiogopa miiba sasa anatafuna dagaa na kichwa chake.

Najua anayekusomea ni Zaina. Zaina, wifi yangu, hujambo? Nakuomba usome yote kama nilivyoandika. Nakujua, ukifika pagumu huwa unakohoa ukaruka mistari. Leo usiruke.

Mama, uliniagiza nimwambie Zaina avumilie, kwamba mumewe Ramadhani yu hai, kwamba alitokea upande mwingine wa lile shimo la machimbo na iko siku atapiga hodi. Ulisema mimi ndiye msomi, neno langu atalisikia. Wachimbaji wenzake Ramadhani waliookoka siku maji yalipojaa shimoni walikuja hadi nyumbani wakaeleza walichokiona, sheikh naye akasema, na bado hujakubali Zaina akae eda. Basi yupo tu hapo, mke si mke, mjane si mjane. Nimeshindwa kukujibu kwa mkato. Acha kwanza nikusimulie lililonipata hapa.

Kijiji hiki kimebanwa kati ya milima na ziwa, hakuna gari, anayeingia anaingia kwa boti. Tangu vita ya Burundi ipambe moto, watu wanavuka kila wanapopata chombo. Wanakaa hapa kidogo, kisha boti ya wakimbizi inakuja kuwachukua kwenda kambini. Madarasa yetu mawili wamelala humo akina mama na watoto wao, na watoto wenyewe nimewaingiza kwenye darasa langu, maana nikiwaacha nje wanashinda wakitazama maji.

Nafundisha sayansi, na shule haina kifaa hata kimoja. Kwa hiyo nafundisha kwa takataka. Kopo la maziwa nimelitoboa kwa msumari upande mmoja, upande wa pili nimefunika karatasi niliyoipaka mafuta, na mtoto akilielekeza nje huku amejifunika kanga anauona mlima wote umesimama kichwa chini. Kifuniko cha kalamu nimekitia udongo kidogo nikakiweka ndani ya chupa ya plastiki yenye maji: ukiibana chupa kinazama, ukiiachia kinapanda. Hicho niliacha kukionyesha. Watoto waliovuka ziwa hawakutaka kuona kitu kikizama, na mimi nilichelewa kulitambua hilo.

Lakini kilichowafurahisha kuliko vyote ni mchezo wa Ramadhani. Unaukumbuka, Mama, ule wa sarafu na bakuli, uliokufanya umfukuze uani kwa mwiko kwa sababu alikuwa akichezea maji uliyoyachimba mchangani kwa jasho lako? Unaweka sarafu ndani ya bakuli, anayetazama anarudi nyuma mpaka ukingo unaificha. Unamimina maji taratibu, na sarafu inaonekana inapanda mpaka anaiona tena, kumbe haijasogea hata kidogo. Mwanga ukitoka majini unapinda, basi. Ramadhani alikuwa akimimina huku akisema, "Maji, nirudishie changu." Na mimi nikawafundisha watoto kwa maneno hayo hayo, kwa sababu ni matamu na kwa sababu ni yake.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana anaitwa Aziza, wa Rumonge. Alivuka na mama yake, Mwajuma, katika mtumbwi wa kwanza. Baba yake na kaka yake walipakiwa katika wa pili, upepo ukawakuta njiani. Wavuvi wa hapa walikwenda kutafuta, wakarudi na dumu moja na kasia. Tangu siku ile Mwajuma alikuwa akikaa ufukweni, pale wanapoanika dagaa, uso umeelekea kaskazini. Akina mama wa kijiji walimpelekea ugali hapo hapo, wakamwambia taratibu kwamba imempasa kukaa eda. Akawajibu, "Oya, hapana. Mume wangu yuko njiani. Nitamkaliaje eda mtu aliye njiani?" Mama, nilipoyasikia maneno hayo nilidhani ni wewe unaongea.

Kisha ikatangazwa kwamba boti inakuja kuwachukua wote waliobaki. Mwajuma akakataa. Akasema akipanda, mumewe akija atamkosa, na wenzake wote wakaanza kufunga mizigo yeye amekaa tu. Kambini ndiko kwenye chakula na dawa, hapa hatukuwa na cha kumpa kwa muda mrefu, na Aziza alishaanza homa.

Siku moja baada ya masomo akaja shuleni, amejitanda vizuri, mkononi ana kofia ya kiume ya kufuma, imekunjwa safi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, tulikuwa tukiongea habari za vyoo. Mwajuma akapiga goti kidogo kama wafanyavyo huku, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameniambia unamimina maji na kilichopotea kinaonekana. Kwetu kulikuwa na mzee aliyekuwa akitazamia watu bakulini, lakini amebaki huko. Nimeleta kofia ya mume wangu, kijana wetu yuko naye. Nitazamie."

Mwenyekiti akanivuta pembeni. Ni mtu mwema, usimdhanie vibaya. Akaninong'oneza, "Mwambie umemwona, yuko kambini, anamngoja. Atapanda boti mwenyewe. Hata Mungu hatakuandikia dhambi."

Sitakuficha, nilitaka kusema hivyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingemfikisha mtoto wake kwenye dawa. Lakini nikamfikiria akifika huko, anapita turubai moja baada ya jingine akimtafuta mtu niliyemweka mimi kwa mdomo wangu, miezi na miezi, na Aziza nyuma yake. Kisha akilini nikamwona Zaina, mlangoni kwetu.

Nikamwambia Mwajuma akae. Nikaleta bakuli, nikaweka sarafu, nikamrudisha nyuma mpaka asiione, nikamimina. Akaiona. Akashika kifua. Nikamwambia, "Sasa njoo umimine wewe, mimi nirudi nyuma." Akamimina. Nikamwonyesha kijiti kinavyoonekana kimevunjika kikiwa majini, akakichomoa, kizima. Akakitumbukiza, akakichomoa tena. Nikamweleza habari ya mwanga kama ninavyowaeleza watoto, bila haraka, kwa Kiswahili chake na maneno machache ya Kirundi niliyoyaokota.

Halafu akamwaga maji, akaitoa sarafu akanirudishia mkononi. Akaliweka bakuli chini likiwa tupu, akasogea nyuma mahali palepale, akasema, "Mimina tena."

"Hamna kitu ndani, dada."

"Najua. Mimina."

Nikamimina mpaka likajaa. Akatazama. Akasogea karibu, akainama juu yake, akatazama tena.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna."

"Kumbe maji hayamleti mtu."

"Hayaleti, dada yangu. Yanaonyesha kilichopo tu."

Akaikunjua ile kofia, akaiweka usoni, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu afike. Mwenyekiti alitoka nje akasimama ametupa mgongo. Akina mama waliposikia wakaja, hawakuuliza, wakamchukua. Walifagia chumba kimoja nyumbani kwa mkunga, wakatandika mkeka, na jioni Mwajuma akaingia edani. Ustadhi wa hapa akasema asiye na nyumba eda yake anahama nayo, kwa hiyo boti ilipokuja alipanda, amefunikwa gubigubi, Aziza kamshika mkono. Kabla ya kupanda aliniomba lile bakuli. Nikampa. Siku hizi nafundishia kikombe.

Mama, nilikaa ufukweni mpaka boti ilipopinda nyuma ya mlima. Nililia sana, na sikuwa nikimlilia mume wa Mwajuma. Nilikuwa namlilia kaka yangu, kwa mara ya kwanza na mimi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya matumaini yako, nikijiambia kwamba maadamu Mama anamngoja, mimi sina haja ya kumlilia. Yeye ndiye aliyenifanya mwalimu, kwa bakuli na maji ya kuiba. Namtaka arudi kama unavyomtaka wewe.

Zaina aliniandikia kwamba bado unampakulia Ramadhani chakula. Ndani ya bahasha kuna kidude cha karatasi ngumu chenye nyuzi mbili, ni cha mtoto wao Mwanaidi. Upande mmoja nimechora ndege, upande wa pili tundu. Zisokote nyuzi, kisha zivute, na utamwona ndege yumo ndani ya tundu. Hayumo, Mama. Jicho linachelewa kuachia lilichokiona, hicho tu. Si ugonjwa wala si upungufu wa akili, macho ya watu wote ndivyo yalivyo. Hata yangu bado yanamwona.

Nisalimie Baba Mdogo Salimu wa mashine ya kusaga, mwambie aache kukubishia kwa ukali, aje akae nawe tu. Nisalimie Shangazi Mwanahawa, yeye ndiye ajuaye taratibu za ndani, mwite. Nisalimie Mjomba Iddi na mbuzi wake wasumbufu. Shule ikifungwa napanda treni, tutamsomea hitima wote pamoja, na maji ya kupikia nitachimba mimi.

Na sasa Zaina, hapa soma kwa sauti, Mama akiwa amekutazama. Haya ndiyo maneno aliyoniomba nikuambie, nimeyabadilisha. Wifi yangu, kaka yangu Ramadhani amekufa. Ingia eda. Ukitoka uko huru, na Mama atabaki kuwa mama yako. Kama sauti imekukwama, mpe Mama mkono, mpumzike kidogo, halafu usome tena kuanzia jina la Ramadhani.

Ni mimi mwanao,
Halima